Koloni ya waridi kutoka kwenye jani la msituni: je, ni spishi mpya ya hamira?

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Nilikusanya majani kwenye msitu wa mvua wa tropiki, nikayasuuza kwa maji yaliyotakaswa, nikayamwaga maji hayo juu ya agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, yenye kloramfenikoli ya kuzuia bakteria. Nimepata koloni moja ya rangi ya waridi. Hadubini inaonyesha seli za hamira zinazochipua. Nimesoma kipande cha DNA kiitwacho D1/D2, herufi 580, na kanzidata inasema jirani wa karibu anafanana nayo kwa asilimia 96.9 tu. Nimekuambatishia kromatogramu, yaani grafu ya mashine iliyosoma herufi hizo. Je, hii ni spishi mpya? Na kama ndiyo, nafanyaje ili niipe jina?"

Marahaba, mwanangu. Inawezekana kabisa kwamba mkononi mwako una hamira ambayo bado haina jina, na dalili ulizonipa ni nzuri. Lakini kanzidata haijakuambia kwamba ni mpya. Imekuambia kwamba katika mifuatano yote iliyowekwa humo, haikuona unaofanana na wako zaidi ya huo mmoja. Kati ya kauli hizo mbili ipo kazi, na nitakueleza jinsi ambavyo mimi ningeifanya.

Tuanze na kromatogramu yako, maana humo nimekuta jambo. Nimeipitia herufi kwa herufi. Mpaka herufi ya 555 vilele vimesimama vizuri, kila kimoja na nafasi yake. Kuanzia hapo vinalala, vinapandana, cha kijani kinaingia chini ya chekundu, na mashine inaanza kubahatisha. Wewe umehesabu tofauti 18 dhidi ya jirani yako. Tofauti 7 kati ya hizo zimo ndani ya mkia huo wa herufi 25 za mwisho. Ukate mkia. Unabaki na herufi 555 na tofauti 11, yaani mfanano wa asilimia 98. Hatujaigusa hamira yenyewe, na tayari umbali umepungua kwa zaidi ya theluthi.

Sasa zitazame hizo 11. Tatu ni nafasi zilizo wazi, pale ambapo upande mmoja una herufi na wa pili hauna kitu. Nane ni herufi zilizobadilika kweli: A mahali pa G, C mahali pa T. Mimi huhesabu hizo zilizobadilika na kuziandika moja moja, kwa sababu kila programu ina namna yake ya kuhesabu nafasi wazi, na asilimia huficha mambo. Kisha kisome kipande hicho upya kutoka pande zote mbili, mara moja kwa kianzio NL1 (kianzio ni kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha usomaji) na mara ya pili kwa kianzio NL4, ili sehemu ambayo upande mmoja unachoka isomwe vizuri na upande mwingine. Usiendelee na hatua yoyote kabla ya hii. Spishi nyingi "mpya" huzaliwa kwenye mkia wa kromatogramu na kufia hapo hapo.

Je, herufi nane zinatosha? Mwaka 1998 Cletus Kurtzman na Christie Robnett wa Marekani walilinganisha kipande hiki hiki cha D1/D2, ambacho ni sehemu ya jeni la RNA kubwa ya ribosomu (kiwanda cha protini ndani ya seli), kwa takriban spishi 500 za hamira za askomikota, moja ya makundi mawili makubwa ya kuvu. Waliona kwamba koo za spishi moja, yaani hamira zake zilizopatikana na kuoteshwa kila moja peke yake, kwa kawaida hazipishani zaidi ya herufi 3, na kwamba zinapofika tofauti 6 au zaidi, yaani kama asilimia 1, mara nyingi ni spishi mbili. Mwaka 2000 Jack Fell na wenzake walifanya kazi kama hiyo kwa kundi la pili, basidiomikota, ambako tofauti chache kuliko hizo zinaweza kutosha kutenganisha spishi. Mwaka 2016 uchambuzi wa koo zaidi ya 9,000 zilizohifadhiwa Uholanzi ulipendekeza mpaka wa asilimia 99.51 kwa jeni hilo kubwa na asilimia 98.41 kwa eneo la ITS, kipande kingine cha DNA kilicho kati ya majeni ya ribosomu. Kwa vipimo vyote hivyo vya D1/D2, hamira yako yenye herufi nane iko nje ya uzio wa jirani yake.

Ila mipaka hiyo imetokana na mazoea ya viumbe vingi, na viumbe havikutia saini. *Clavispora lusitaniae* ni spishi moja, lakini koo zake zinapishana kwenye D1/D2 kupita kiasi ambacho ungetegemea. Katika kundi la *Metschnikowia pulcherrima*, nakala za jeni hilo ndani ya seli moja zenyewe hazifanani, kwa hiyo ukisoma kipande kimoja unaweza kudhani una mchanganyiko au una spishi mpya. Upande wa pili wapo jamaa wa hamira ya mkate, jenasi ya *Saccharomyces*, ambao ni spishi tofauti kweli na bado D1/D2 zao zinakaribiana mno. Ndiyo maana kipande kimoja hakitoshi. Soma ITS pia, ambayo tangu 2012 imekubaliwa kuwa msimbo rasmi wa kutambulishia kuvu, na ukiweza ongeza jeni moja au mawili yanayotengeneza protini, kama RPB2 au TEF1. Majeni haya yanasimulia historia yao kila moja kivyake. Yakikubaliana kwamba hamira yako imesimama kwenye tawi lake peke yake, na tawi hilo likabaki imara unapochora mti wa ukoo kwa njia zaidi ya moja, hapo una hoja. Jenomu nzima, yaani DNA yake yote, ni bora zaidi ukiwa na uwezo wa kuisoma, ingawa wengi wanaeleza spishi nzuri bila hiyo.

Jambo la pili ambalo sikulipenda ni huyo jirani mwenyewe. Nimemtafuta. Ameandikwa jina la jenasi tu, *Sporobolomyces*, na mbele yake "sp." Maana yake kuna mtu mwingine aliyepata hamira, akasoma mfuatano, akauweka kwenye kanzidata bila kuieleza hamira yenyewe. Kujilinganisha naye hakukuambii lolote kuhusu spishi zilizokwisha kupewa jina. Unachotakiwa kulinganisha nacho ni mfuatano wa ukoo wa taipu, ule uliotumiwa siku spishi ilipopewa jina na ambao jina limefungwa kwake mpaka leo. Katika GenBank, kanzidata ya wazi ya mifuatano, mtu yeyote anaweza kuweka mfuatano na kuuandikia jina analoliamini, na yamo majina yasiyo sahihi kwa wingi. Kwa hiyo kusanya mifuatano ya taipu za spishi zote za jenasi hiyo na za jenasi jirani, uipange yote pamoja na wako.

Na unapotafuta, kumbuka kwamba nyumba imepangwa upya. Mwaka 2015 makundi makubwa yaliyokuwa yakiitwa *Cryptococcus*, *Rhodotorula* na *Sporobolomyces* yaligawanywa, na spishi nyingi zikahamia jenasi nyingine. Ukitafuta kwa jina la zamani tu, unaweza kumpita ndugu yako mlangoni. Vilevile usimdharau yule "sp." asiye na jina. Kama mfuatano wa mwingine utakuja kufanana kabisa na wako, basi spishi hiyo imeonekana mahali pengine, na aliyeipata anaweza kuwa na ukoo wa pili unaouhitaji sana. Mwandikie. Karatasi nyingi nzuri za hamira zimeandikwa na watu ambao kila mmoja alikuwa na ukoo mmoja kabatini.

Sasa niache mifuatano kidogo nikuombe jambo ambalo halihitaji mashine. Rangi ya waridi inatokana na karotenoidi, ambazo huikinga seli dhidi ya jua kali juu ya jani. Hamira nyingi za rangi hii ni za basidiomikota, na baadhi yake zina tabia ya ajabu. Chora koloni yako kwa mstari kwenye kisahani kipya cha agari, andika hata herufi moja ukipenda, kisha kigeuze kisahani ili agari iwe juu na kifuniko kiwe chini. Kiache kwenye nyuzi joto 20 hadi 25 kwa siku kadhaa. Kama ni hamira inayorusha spora, utakuta juu ya kifuniko unga mwembamba uliochora umbo lile lile, kama kivuli cha koloni. Ukiweka kisahani cha agari badala ya kifuniko, kivuli hicho kitaota na kuwa koloni mpya ya waridi, taswira ya kioo ya ile ya juu. Albert Jan Kluyver na Cornelis van Niel waliieleza jenasi ya *Sporobolomyces* mwaka 1924 huko Delft wakiwa wamevutiwa na taswira hizo hizo.

Ninapenda kulieleza jinsi linavyotokea, maana ni dogo na ni zuri. Spora inasimama juu ya kijiti chembamba. Chini yake, karibu na kiungio, sukari inayotoka kwenye spora inavuta unyevu wa hewa na tone dogo linaanza kukua. Ubavuni mwa spora kuna utando mwingine wa maji. Tone likikua hadi kuugusa utando, vinaungana ghafla, uzito wa maji unahama kwa kasi, na spora inang'oka na kuruka. Tone hilo huitwa tone la Buller, kwa jina la Reginald Buller aliyelichunguza. Bila unyevu halitokei. Ndani ya msitu wa mvua, ambako jani linaweza kubaki limelowa maji sehemu kubwa ya siku, ni njia nzuri ya kuhama kutoka jani moja hadi jingine.

Tabia hiyo inakupa pia njia ya kupata koo zaidi. Chukua kipande cha jani bichi, kibandike kwa vaselini ndani ya kifuniko, juu ya agari. Kila baada ya saa chache zungusha kifuniko kidogo. Spora zitaanguka zenyewe kwenye agari safi, na bakteria pamoja na hamira zisizorusha zitabaki juu ya jani. Kwa kazi ya namna hii juu ya majani ya Thailand, Takashi Nakase na wenzake walieleza jenasi ya *Kockovaella* mwaka 1991. Maji ya kusuuzia uliyotumia wewe yana upendeleo wake: yanachukua wale walio wengi na wanaokua haraka, na kuvu *Aureobasidium pullulans*, yule anayeanza mweupe kisha akawa mweusi, hujaza kisahani kabla wengine hawajaamka. Njia ya tatu ni kukatakata jani na kulizamisha kwenye mchuzi wa lishe wenye kloramfenikoli na sodiamu propionati, ambayo huzuia ukungu, ili hamira zilizo chache ziongezeke. Kila njia itakupa watu wake. Tumia zote tatu.

Kwa nini nasisitiza koo zaidi? Kwa sababu una koloni moja. Spishi ni kundi, na mtu mmoja hawezi kukuonyesha upana wa ukoo mzima. Ukiwa na koo tano kutoka miti tofauti na siku tofauti, zote zikawa na herufi zile zile nane, basi herufi hizo zimekuwa alama ya kundi. Ukiwa na ukoo mmoja, hujui kama unaangalia spishi au mtu mmoja mwenye sura ya pekee. Wapo wanaoeleza spishi kwa ukoo mmoja, na kanuni za majina hazikatazi. Mimi binafsi huwa nasubiri. Ila angalia pia: koloni kumi kutoka jani moja si koo kumi. Zinaweza kuwa watoto wa seli moja iliyochipua pale pale. Zipime kwa alama za vidole za DNA, kwa mfano PCR (njia ya kunakili vipande vya DNA) ya kianzio M13, kabla hujaziita nyingi.

Na je, una hakika hamira hii ilitoka kwenye jani? Sikuona katika maelezo yako kisahani cha maji matupu, yale ya kusuuzia lakini bila jani, wala kisahani kilichoachwa wazi mezani wakati unafanya kazi. Hamira za waridi zinaelea hewani na zinapenda sana maabara. Ukiipata tena kwenye majani na usiipate kwenye maji matupu, swali hilo limekwisha. Vilevile hakikisha ni safi: ichore kutoka koloni moja iliyosimama peke yake, mara tatu mfululizo, na ichunguze kwa hadubini kila mara. Ile picha ya seli uliyonitumia ina seli ndefu mbili tatu katikati ya zile za mviringo. Zinaweza kuwa ni zile zile katika umri tofauti. Zinaweza pia kuwa za mgeni.

Vipimo vya lishe nitavipita haraka, ingawa vinachukua wiki nyingi. Utapima kama inachachusha glukosi na sukari nyingine, inakula kaboni zipi miongoni mwa dazeni kadhaa, nitrojeni ipi, inakua bila vitamini au la, inavumilia sikloheksimidi, dawa ya kuzuia kuvu, kiasi gani, na inaota kwenye nyuzi 25, 30, 35 na 37. Kipimo cha urea ni chepesi na kitakuambia mengi, kwa sababu karibu basidiomikota zote huivunja na askomikota nyingi haziivunji. Zamani hamira zilitambuliwa kwa vipimo hivi peke yake, na spishi zisizo ndugu ziliwekwa kapu moja kwa kuwa zinakula sukari zile zile. Leo mfuatano ndio unaopanga, na vipimo vinatueleza kiumbe kinaishi vipi. Usiviruke. Atakayeisoma spishi yako baada ya miaka 50 atataka kujua ilikuwa ikifanya nini. Kama utapata koo kadhaa, zichanganye mbili mbili kwenye agari yenye lishe hafifu uone kama zinajamiiana. Hilo nalo halifanyiki ukiwa na ukoo mmoja.

Sasa jina. Majina ya kuvu yanaongozwa na kanuni za kimataifa za mwani, kuvu na mimea, na zina masharti machache ambayo lazima uyatimize, la sivyo jina lako halihesabiki hata kama sayansi yako ni safi. Tangu Januari 2012 hutakiwi tena kuandika kwa Kilatini peke yake. Maelezo au utambulisho mfupi wa tofauti unaweza kuwa kwa Kilatini au Kiingereza. Tangu Januari 2013 lazima uwe na namba ya usajili, kutoka sajili ya MycoBank, Index Fungorum au Fungal Names, na namba hiyo iandikwe ndani ya makala yenyewe. Lazima uteue holotaipu moja, yaani sampuli ambayo jina litafungwa kwake. Kwa hamira hii huwa ni ukoo wenyewe uliooteshwa na kuhifadhiwa, na hapa ndipo wengi hukwama: kanuni inataka uwe umehifadhiwa daima katika hali ambayo seli zake zimesimamisha shughuli za uhai, kwa mfano kwa kukaushwa kwenye baridi kali au kugandishwa, na uandike hivyo waziwazi. Kisahani kilicho hai kinabadilika, na taipu haitakiwi kubadilika.

Pamoja na holotaipu, peleka nakala hai kwenye hazina mbili za vijidudu zilizo katika nchi tofauti. Ile ya CBS huko Utrecht, NRRL ya Peoria na JCM ya Japani zinajulikana na kila anayefanya kazi hii. Hili ndilo ningekuwa mkali nalo kuliko yote. Mtu akitaka kukupinga, au kukuunga mkono, lazima aweze kuagiza hamira yako na kuiotesha mwenyewe. Friji ya maabara moja hukatikiwa umeme, mwanafunzi huhitimu, chupa hupotea lebo. Nimewahi kuandikia maabara moja nikiomba ukoo uliotajwa kwenye ripoti yao, nikajibiwa kwamba ulikufa. Mfuatano wake bado upo kwenye kanzidata, na hakuna atakayejua ulikuwa wa nani.

Kabla ya kutuma chochote nje ya nchi, angalia kibali chako cha kukusanya majani kinasema nini. Itifaki ya Nagoya ilianza kutumika Oktoba 2014, na inahusu vijidudu pia. Hazina zitakuuliza karatasi. Kibali cha kuingia msituni hakimaanishi kibali cha kusafirisha hamira, na ni rahisi zaidi kukiomba sasa kuliko baada ya makala kukubaliwa.

Jina lenyewe liwe na umbo la Kilatini, lipatane kijinsia na jina la jenasi, na lisiwe limetumika tayari katika jenasi hiyo. Unaweza kulitoa kwenye mti, kwenye rangi, kwenye tabia ya kurusha spora, au kwa mtu aliyekufundisha kupanda miti ile mirefu kuchukua majani. Usijiite mwenyewe.

Lakini hayo ni ya baadaye. Wiki hii fanya mambo matatu tu: soma D1/D2 upya kutoka pande zote mbili na usome ITS, ichore hamira mara tatu hadi uhakikishe zile seli ndefu ni za nani, na kigeuze kile kisahani. Ukiona unga wa waridi kwenye kifuniko, kipige picha kabla hujakifungua, uniandikie.